Kulipima neno “run” katika kamusi za Kiingereza

Kamusi yoyote ya Kiingereza, hata iliyotungwa kwa pupa, hueleza vizuri neno kama “giraffe” au “oxygen”, kwa kuwa maneno ya aina hiyo hutaja kitu kimoja, na msomaji akishakitambua kitu hicho shida yake imekwisha. Ubora wa kamusi huonekana kwenye vitenzi vifupi ambavyo ni vigumu mzungumzaji kumaliza saa moja bila kuvitumia: “get”, “take”, “set”, “put” na, zaidi ya vyote, “run”. Ndiyo maana mapitio haya yameshikilia kidahizo hicho kimoja, yaani neno linalotafutwa katika kamusi, na kukifuata kutoka kamusi moja hadi nyingine. Msomaji ninayemfikiria si yule asiyejua kwamba “run” ni kukimbia, kwani hilo hufundishwa mapema. Ni yule aliyelikuta neno hilo katika sentensi ambamo hakuna anayekimbia wala anayekimbizwa.

Sentensi nilizozitumia kuwa kipimo ni za kawaida kabisa. “She runs a school” humaanisha kwamba mwanamke huyo ndiye anayeiendesha shule. “My nose is running” ni maneno ya mtu mwenye mafua ambaye makamasi yanamchuruzika. “The contract runs until June” husema kwamba mkataba utaendelea kutumika hadi mwezi wa Juni, na “We are running low on fuel” hutahadharisha kwamba mafuta yanakaribia kwisha. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya kishairi au ya vijiweni. Zote nne zinaweza kusikika katika ofisi moja, kabla ya saa sita mchana, kutoka kinywani mwa mtu yuleyule.

Naanza na kamusi inayotajwa kwanza kila mjadala huu unapozuka, yaani Oxford English Dictionary. Mpango wake ulianza mwaka 1857 katika chama cha wanafilolojia cha London, James Murray akaushika uhariri mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884, na kazi nzima ikakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Toleo la pili, la mwaka 1989, lina juzuu 20, na humo kitomeo (yaani neno pamoja na maelezo yake yote) kirefu kuliko vyote ni cha kitenzi “set”, chenye maana zaidi ya 430 na maneno yapatayo 60,000. Tangu mwaka 2000 kamusi hiyo inapatikana kwenye intaneti, ambako wahariri wanaipitia upya yote, na katika kazi hiyo sifa ya kitomeo kirefu kuliko vyote imehama mara kadhaa: ilichukuliwa na “make” mwaka 2000, ikaenda kwa “put” mwaka 2007, kisha mwaka 2011 ikamfikia “run”, ambaye kitenzi chake peke yake kiligawanywa katika maana 645. Mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alitumia miezi ipatayo 9 kwa neno hilo moja.

Idadi hiyo hupendwa sana na magazeti, lakini anayekifungua kitomeo chenyewe kwa hamu ya kustaajabu huenda akachoka kabla hajastaajabu. Maana hupangwa kwa historia, ya kale ikitangulia na ya karibuni ikifuata, na chini ya kila maana huwekwa nukuu zenye tarehe, zilizochukuliwa katika vitabu, barua, magazeti na nyaraka za karne mbalimbali. Kwa mtafiti, mfasiri wa maandiko ya zamani au mwandishi anayetaka kujua kama tamko fulani lilikuwapo katika zama anazozisimulia, hakuna chombo kinachokaribia hiki. Kwa msomaji wetu wa mkataba unaokwisha Juni, hali ni tofauti: atapita maana zilizokwisha kufa, matumizi ya mabaharia, ya wawindaji na ya wachimba migodi, kabla ya kukifikia anachokitafuta, na akikifikia atakuta fasili iliyoandikwa kwa Kiingereza kizito kuliko sentensi iliyomtatiza. Huo si upungufu wa kamusi, kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya mwenye haraka. Ni onyo kwa anayeichagua kwa sababu ya ukubwa wake tu. Ni vyema pia kujua kwamba matumizi yake ya mtandaoni hulipiwa, ingawa maktaba nyingi na vyuo vikuu huwalipia wasomaji wao.

Hata hivyo, ndani ya kamusi hiyo kuna sehemu moja ambayo ningemshauri hata mwanafunzi wa kawaida aisome, nayo ni maelezo ya asili ya neno. Kiingereza cha Kale kilikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja. Kimoja, kilichoandikwa “rinnan” au “irnan”, hakikuhitaji yambwa, yaani kitu kinachotendwa, na kilimaanisha kukimbia na vilevile kutiririka kwa maji. Cha pili, “ærnan”, kilikuwa kitenzi cha kusababisha: kumfanya mnyama au kitu kiende mbio, na kwa hiyo pia kupanda farasi. Kwa kupita karne, na kwa msaada wa kitenzi cha aina hiyohiyo kilicholetwa na Wanorse, watu wa Skandinavia, sauti za vitenzi hivyo zilisogeleana hadi vyote vikawa “run”. (Wataalamu wengi huliweka hata neno “rennet”, yaani kile kinachogandisha maziwa ili kupata jibini, katika ukoo huu, kwa kuwa maziwa yanapoganda chembe zake hukimbiliana na kushikana.)

Kwa msomaji wa Kiswahili maelezo hayo yana faida kuliko orodha nzima ya maana 645. Sisi tunatofautisha kwenda na kuendesha, kukimbia na kukimbiza, kupita na kupitisha, na tofauti hiyo tunaibeba katika kiambishi ambacho hata mtoto mdogo hakikosei. Kiingereza kimepoteza alama ya namna hiyo katika kitenzi hiki, kwa hiyo umbo moja linafanya kazi ya kutenda na ya kutendesha, na msomaji anapaswa kuangalia kama kuna yambwa baada yake. “The machine runs” ni mashine inafanya kazi, na “She runs the machine” ni yeye anaiendesha. “The bus runs at night” ni basi hufanya safari usiku, na “They run a bus at night” ni wao wameweka safari hiyo. Maji yakitiririka bombani Kiingereza husema “The water is running”, na mtu akiyafungulia yajae kwenye bafu husemwa “He is running a bath”. Habari ikitoka gazetini, “The story ran on Monday”. Mhariri akiamua kuitoa, “The paper ran the story”. Mkono ukipapasa kitambaa au mtu akiupitisha mkono wake juu ya kitambaa, programu ikifanya kazi kwenye kompyuta au mtu akiianzisha, kote ni “run” bila kubadilika. Ukishaliona hilo, sehemu kubwa ya maana zinazotisha katika kamusi hujipanga kwa jozi, na unachobaki nacho ni nusu ya mzigo. Kamusi kubwa ina habari zote hizi, ila matumizi yasiyo na yambwa yana sehemu yake na yale yenye yambwa yana sehemu yake, kurasa nyingi mbele, na hakuna anayemwambia msomaji kwamba hii ya huku ni pacha wa ile ya kule.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu hesabu zenyewe, kwa sababu wauzaji wa kamusi hupenda kutangaza idadi ya maana kana kwamba ni ushahidi wa ubora. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alikipa kitenzi “take” maana 134, na katika utangulizi wake alilalamika kwamba vitenzi vya aina hiyo, “run” kikiwamo, vina maana legevu na pana mno hata ni shida kuvifuata katika njia zao zote. WordNet, hifadhi ya maneno iliyoanzishwa na George Miller katika Chuo Kikuu cha Princeton miaka ya 1980 na ambayo hutumiwa sana na watu wa kompyuta, inakipa kitenzi “run” maana 41 na nomino yake 16. Oxford inasema 645. Lugha ni moja, kitenzi ni kilekile, na hakuna kati yao anayedanganya. Chukua pua inayochuruzika, mto unaotiririka na rangi ya nguo inayochuja ikilowa maji, ambazo zote kwa Kiingereza zina “run”. Mhariri mmoja ataona maana moja tu, ya kioevu kwenda. Wa pili ataona mbili, kwa sababu mto unatajwa kwa sifa na pua kwa kero. Wa tatu ataona tatu, kwa sababu katika nguo kinachokwenda ni rangi na si maji. Kuhesabu maana za kitenzi kama hiki ni kama kuhesabu mawimbi: bahari ipo kweli, lakini pale wimbi moja linapoishia na jingine linapoanzia ni uamuzi wa anayehesabu. Kwa hiyo, kamusi yenye maana nyingi ni kamusi iliyokata vipande vidogo zaidi, na vipande vidogo vina faida kwa kazi fulani na ni kero kwa nyingine.

Kamusi iliyonishawishi zaidi kuhusu kitenzi hiki ni COBUILD, iliyotokana na ushirikiano wa wachapishaji wa Collins na Chuo Kikuu cha Birmingham chini ya John Sinclair, na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1987. Mambo mawili yaliitofautisha na zilizoitangulia. La kwanza ni kwamba ilijengwa juu ya mkusanyo mkubwa wa matini halisi uliohifadhiwa katika kompyuta, hivi kwamba maana na mifano ilitoka katika yale ambayo watu waliyaandika na kuyasema kweli, badala ya yale ambayo mhariri aliyakumbuka akiwa mezani pake. La pili ni kwamba fasili zake ni sentensi kamili. Badala ya kuandika kwamba “run” ni kusimamia au kuongoza, inaeleza kwa mtindo wa kusema: mtu akiendesha kitu kama biashara au shughuli, basi yeye ndiye mwenye dhamana nayo. Ni jambo dogo kulitazama, lakini ndani ya sentensi hiyo msomaji amekwisha kupewa kiima, ambacho ni mtu au chombo chenye mamlaka, na yambwa, ambayo ni biashara, shule, nchi, hoteli au kozi. Hahitaji kufundishwa sarufi tena. Ameiona ikifanya kazi.

Nilipoileta sentensi ya pua kwenye aina hii ya fasili, kilichonifurahisha ni kwamba mwanzo wa sentensi hutaja pua. Mtu hajifunzi kwamba “run” humaanisha kuchuruzika, akatoka hapo na kwenda kuandika kwamba jasho au damu “inarun” kila mahali bila kufikiri. Anajifunza kwamba pua hufanya hivyo, na kwamba kioevu chenyewe nacho kina namna yake, kama machozi yanayoteremka mashavuni. Taarifa ya namna hii, ya neno lipi huandamana na lipi, ndiyo ambayo mgeni wa lugha hukosa na ambayo mwenyeji huwa hajui kwamba anayo. Udhaifu wa mtindo huo ni urefu. Sentensi kamili kwa kila maana hula nafasi, na katika kitomeo chenye maana nyingi jicho hulazimika kusoma mwanzo wa kila fungu ili kujua kama ndilo lenyewe, kwa sababu mianzo mingi inafanana.

Tatizo hilo la jicho ndilo ambalo Longman Dictionary of Contemporary English imelitatua vizuri kuliko wengine. Kamusi hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1978 ikiwa na sheria kwamba fasili zake ziandikwe kwa kutumia msamiati wa maneno yapatayo 2,000 tu, wazo ambalo Michael West alikwisha kulitumia katika kamusi yake ya mwaka 1935. Tangu toleo lake la tatu, la mwaka 1995, maneno yenye maana nyingi yamewekewa vibao vifupi mwanzoni mwa kila maana: kwa “run” utaona kimoja kinachohusu kwenda kwa miguu, kingine kusimamia shughuli, kingine mabasi na treni, kingine kompyuta, kingine mashine, kingine uchaguzi, kingine vimiminika. Msomaji wa mkataba hasomi fasili hata moja isiyomhusu; anateremka kwenye vibao hadi afike panapozungumzia kitu kuendelea kutumika kwa muda fulani. Fasili yenyewe ni fupi na nyepesi, ingawa wepesi huo una gharama yake: unapojinyima maneno, wakati mwingine unapoteza rangi ya jambo, na matumizi mawili yenye hisia tofauti hujikuta yameelezwa kwa maneno yaleyale ya jumla. Kwa mtu anayesoma, hilo halina madhara makubwa. Kwa anayeandika na kutaka kujua kama “run” ni neno zuri kuliko “manage” katika barua rasmi, mifano itamsaidia kuliko fasili.

Oxford nao wana kamusi ya wanafunzi, ambayo chimbuko lake ni kazi ya A. S. Hornby iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 kabla ya Oxford kuichukua mwaka 1948. Ni imara, hasa katika kuonyesha mpangilio wa sentensi, na sioni sababu ya kumwambia aliyeizoea aiache. Kwa kitenzi hiki haikunionyesha kitu ambacho hizo mbili nyingine hazikunionyesha.

Sentensi ya nne, ya mafuta yanayokaribia kwisha, ndiyo iliyotenganisha kamusi nzuri na za wastani. Katika “running low” kitenzi kimefuatwa na kivumishi na maana yake imekuwa kugeuka au kufikia hali fulani. Mwanafunzi akiambiwa hivyo tu, ataandika kwamba chakula “ran delicious” au kwamba mtoto “ran tall”, na atakuwa amefuata kanuni aliyopewa bila kosa. Ukweli ni kwamba vivumishi vinavyokubali kukaa hapo ni vichache, na vingi vyake vinataja upungufu au kutoka nje ya mpaka: “low”, “short”, “dry”, “late”, “wild”. Kisima hukauka, fedha hupungua, mkutano huchelewa, watoto huachiliwa bila mwangalizi. Kamusi iliyoviorodhesha vivumishi hivyo pamoja, kama vishazi vilivyokwisha kuumbika, imefanya kazi yake. Iliyoandika “to become” na kuondoka imemwacha msomaji katika hali mbaya kuliko aliyokuwa nayo, kwa sababu sasa anajiamini.

Ndivyo ilivyo pia kwa kitenzi kinapoandamana na vijineno kama “out”, “into”, “over” na “through”. Kamusi zote kubwa za wanafunzi huviweka vishazi hivi mwishoni mwa kitomeo au katika vidahizo vyao wenyewe, na ni uamuzi mzuri. Kwa “run into” msomaji anapaswa kukuta mambo yasiyopungua matatu: kukutana na mtu bila kutarajia, kugonga kitu kwa gari, na gharama kufikia kiwango kikubwa, kama hasara inapofika mamilioni. “Run out” ina mitego yake. Kiingereza husema “Time ran out” na pia “We ran out of time”, mara kitu kikiwa kiima, mara mwenye kitu akiwa kiima, na mwanafunzi huchanganya na kuandika kwamba muda “ran out of”. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina jozi hiyohiyo tayari: muda umetuishia, na tumeishiwa na muda. Kamusi ya lugha mbili ambayo ingeviweka “kuishia” na “kuishiwa” mkabala na sentensi hizo mbili ingemaliza tatizo katika mistari miwili.

Hapo ndipo ninapofika kwenye bidhaa ambazo watu wengi hutumia kweli, yaani kamusi za lugha mbili na programu za simu, nami sitazitaja kwa majina. Kasoro yake kuu ni ya kimuundo. Chini ya “run” utakuta kimbia, enda mbio, tiririka, endesha, simamia, gombea, zote zimetenganishwa kwa mkato, bila kuonyeshwa ni ipi ya mto, ipi ya mashine na ipi ya uchaguzi. Orodha kama hiyo humfaa tu yule ambaye tayari anajua jibu na amesahau neno la Kiswahili. Programu moja ya bure niliyoijaribu ilinipa, kwa sentensi ya mafua, “pua yangu inakimbia”, kisha ikaniwekea tangazo lililoziba nusu ya kioo pale ambapo mifano ilipaswa kuonekana. Nilipoipa sentensi ya mkataba, ikasema mkataba unakimbia hadi Juni. Si kwamba mashine za tafsiri zote ziko hivyo, kwani zilizo bora huzipita sentensi hizi bila shida, lakini anayezitegemea hupokea jibu bila kuona sababu yake, na kesho akikutana na “run” jingine ataanza upya. Jambo rahisi la kuangalia kabla ya kuipakua programu yoyote ni kama inaonyesha mifano kwa sentensi nzima. Isipoonyesha, ukubwa wa msamiati wake haukusaidii kitu kwa maneno ya aina hii.

Kuhusu nomino sina mengi. “Run” kama nomino ina mtiririko wake wa maana, kuanzia mbio za mazoezi hadi alama inayopatikana katika kriketi na besiboli, uzio wa kuku, idadi ya nakala zinazochapwa kwa mkupuo mmoja, na wimbi la wateja wanaokimbilia benki kutoa fedha zao wakihofia kwamba itafilisika. “In the long run” ni mwishowe, baada ya muda mrefu, na “run-of-the-mill” husemwa juu ya kitu cha kawaida kisicho na sifa ya pekee, kwa kuwa kilitoka kiwandani bila kuchaguliwa. Kamusi zote nilizozitaja huzieleza nomino hizi vizuri. Tofauti ilijitokeza katika alama za Uingereza na Marekani, na hizo si pambo. Mmarekani anayewania urais husemwa kwamba “runs for president”, ilhali Mwingereza anayewania ubunge kwa desturi husemwa “stands for Parliament”. Soksi ndefu ya mwanamke ikichanika uzi, Marekani ni “run” na Uingereza ni “ladder”. Kamusi inayoacha kuweka alama hizo humfanya mwandishi achanganye lahaja mbili katika aya moja bila kujua.

Jambo moja la sarufi ningependa kila kamusi iliweke juu kabisa ya kitomeo, kabla ya maana ya kwanza, kwa sababu hata wenyeji hulikosea: hali tatu za kitenzi hiki ni “run”, “ran”, “run”, kwa hiyo “I have ran” hukataliwa katika maandishi rasmi. Kamusi za wanafunzi huzionyesha hali hizo, lakini kwa herufi ndogo ambazo jicho lenye haraka huziruka.

Kwa uamuzi wa kununua au kujiandikisha, ningesema hivi. Anayesoma Kiingereza na kutaka kuelewa upesi aanze na Longman, ambayo inapatikana bure kwenye tovuti yake. Anayeandika, anayefundisha au anayetafsiri aiweke COBUILD karibu, ambayo nayo inasomeka kupitia tovuti ya Collins, kwa sababu maswali yake ni ya maandamano ya maneno na si ya maana tupu. Oxford English Dictionary ni ya kuendewa maktaba, au kupitia akaunti ya maktaba, kwa swali mahususi la historia ya neno, na si ya kufunguliwa kila mara sentensi inapokwama.

Swali la karatasi au mtandao halina jibu moja. Macmillan, waliokuwa na kamusi nzuri ya wanafunzi tangu mwaka 2002, walitangaza mwaka 2012 kwamba hawataichapa tena kwa karatasi na kwamba itabaki mtandaoni tu. Mwaka 2023 tovuti yenyewe ikafungwa, na waliokuwa wameitegemea wakabaki na nakala za zamani za karatasi, kama walikuwa nazo. Mwenye kitabu rafuni hawezi kufungiwa namna hiyo. Kwa upande mwingine, anayenunua zile juzuu 20 za Oxford kwa ajili ya “run” ajue anachokinunua: ni kitomeo cha toleo la mwaka 1989, ambamo “set” bado ndiyo ndefu kuliko zote. Kazi ya Gilliver ya maana 645 iko mtandaoni peke yake.